Baba yupi? Somo kutoka meza ya karani wa mahakama

Katiba yetu ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Katika ofisi ya makarani wa mahakama, lugha hizo mbili hukutana kwenye karatasi moja: watu wanasema Kiswahili, karani anaandika Kifaransa. Niliyaona hayo nilipofanya mafunzo ya kazi katika ofisi moja ya kesi za madai hapa Lubumbashi.

Karani anayeanza hapewi kazi kubwa. Huandika kesi katika daftari, huipa namba, hupanga mafaili. Lakini sheria ya mwenendo wa kesi za madai ya tarehe 7 Machi 1960 inasema kwamba anayetaka kumshitaki mwenzake humpa karani maelezo yote yanayohitajika ili hati ya kumwita mshitakiwa iandikwe. Basi neno la kwanza la kesi hupitia mkononi mwa karani.

Mfano wa kwanza. Mama mmoja alikuja akasema: « Nyumba ni ya baba yangu, alishakufa. Ndugu yake anatukatalia kuingia. » Nikaandika père. Karani mkubwa akasimamisha kalamu yangu, akauliza:

— Mama, ule baba njo alikuzala?

— Apana, papa. Njo mudogo yake. Ule alinizala alikufaka zamani. Uyu njo alinikomalisha.

Katika Kiswahili chetu, mdogo wa baba ni baba pia, na aliyekulea ni baba mara mbili. Mama yule hakudanganya. Lakini katika sheria ya familia ya 1987, watoto wa marehemu ndio warithi wa kundi la kwanza, nao hupata robo tatu za urithi. Mtoto wa kaka yake hayumo katika kundi hilo. Kwa neno père ningempa haki ambayo mshitakiwa angeibomoa siku ya kwanza barazani. Swali lile lilimwumiza, lakini lilifungua lingine: je, marehemu alimfanya mtoto wake kwa njia ya sheria? Mtoto aliyepokelewa hivyo huhesabiwa pamoja na watoto wa kuzaliwa. Mama aliondoka akatafute karatasi.

Mfano wa pili. Neno ndugu lina hatari ileile. Kundi la pili la warithi lina mume au mke aliyebaki, wazazi, na ndugu wa baba na mama mmoja, au wa baba mmoja, au wa mama mmoja. Mtoto wa baba mdogo, ambaye nyumbani tunamwita ndugu bila kufikiri, si frère wa sheria.

Mfano wa tatu. Tusidhani kwamba Kiswahili peke yake ndicho kinachoficha. Mwenye nyumba na mpangaji wote wawili wanaweza kusema kwa Kifaransa: « J'ai loué la maison. » Kiswahili hakikubali hivyo: mmoja amepangisha, mwingine amepanga. Kiambishi -ish- kinatenganisha watu wawili wanaogombana. Karani akiandika louer tu, amepoteza kile ambacho mshitaki alikuwa amekisema wazi.

Tunajifunza nini? Kila lugha hunyamaza mahali pake. Mfasiri mzuri anajua maneno, na pia anajua mahali pa kuuliza kabla ya kuandika. Katika darasa letu kosa la tafsiri huondoa alama. Pale mezani linaweza kuondoa nyumba.

Zoezi. Andika kwa Kifaransa sentensi hizi, na kwa kila moja taja swali ambalo karani angeuliza kwanza:

1. Aliazima baiskeli.
2. Shamba aliliachia mtoto wake.
3. Mama yangu mkubwa ndiye aliyelipa.