Ukumbi wa Mtaa: Kijitabu cha Elimu kwa Wakazi wa Chwele

Mtu atokaye Bungoma akishika njia ya kuelekea Mlima Elgon, akifika Chwele siku ya soko, yamkini atadhani kwamba mji huu haupungukiwi na kitu. Maana atakuta vitunguu vimemwagwa juu ya magunia, kuku wamefungwa miguu wawili wawili, mahindi na maharagwe yakipimwa kwa gorogoro, na wanunuzi waliotoka mbali wakihimiza malori yapakiwe kabla mvua ya alasiri haijashuka. Lakini aingiaye nyuma ya maduka, katika mitaa ya vyumba vya kupanga, ataona hali nyingine. Huko yuko kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye hushinda kwenye kituo cha bodaboda ilhali hana pikipiki; yuko mama muuza mboga ambaye mtoto wake mchanga hulala chini ya meza ya biashara kwa kuwa hapana mahali pengine pa kumlaza; na wako majirani waliotenganishwa na ukuta wa mabati kwa miaka, kila mmoja akisikia kikohozi cha mwenziwe, wala hawajapata kuketi pamoja kwa shauri lolote.

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya watu hao. Muradi wake ni kueleza jinsi watu wa mtaa mmoja, wenye kipato kidogo na asili mbalimbali, wawezavyo kujipatia ukumbi wa jamii ulio mali yao kwa hakika, na jinsi ya kuutunza usije ukageuka ghala la mtu mmoja au gofu la popo. Hoja yetu twaitanguliza ili msomaji aipime: ukumbi huanza kuishi siku watu wanapopata jambo la kufanya pamoja, na jengo hufuata baadaye; aanzaye na jengo aghalabu hubaki na jengo tupu.

Mitaa hii haikudhoofika kwa uvivu wa wakazi wake, kama wasemavyo baadhi ya watu wasiotaka kuchunguza. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichoanzishwa Webuye katika miaka ya 1970, kilifungwa mwaka 2009, na pamoja nacho zikaanguka hoteli, maduka na vyumba vya kupanga vilivyokuwa vikiishi kwa mishahara ya wafanyakazi. Wakulima wa miwa wa kiwanda cha Nzoia wamepata kungoja malipo yao hata wakakata tamaa. Na wakati wa vita vya Mlima Elgon, baina ya mwaka 2006 na 2008, familia nyingi ziliacha mashamba zikatelemkia miji ya chini, na si zote zilizorejea. Hivyo miji midogo ya Bungoma imepokea watu kutoka kila upande bila kupewa mahali pa kuwakutanisha.

Kukutana kwenyewe si jambo geni katika nchi hii. Wabukusu wa kale walikaa katika maboma yenye ukuta wa udongo na handaki, yaitwayo chingoba, wakiishi ndani ya lango moja na kulilinda pamoja. Na hata leo, afapo mzee mwenye heshima, watu hukusanyika kusikiliza kumuse, ambapo msemaji wa kazi hiyo hueleza asili ya koo na kuwausia walio hai. Kilichokosekana mjini ni mahali pasipo pa ukoo mmoja, wala dini moja, wala chama kimoja cha siasa.

WALIOTANGULIA

Ughaibuni fikira hii ilipata umbo mwishoni mwa karne ya 19: Toynbee Hall ilifunguliwa London mwaka 1884, na mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr wakafungua Hull House katika mtaa wa wahamiaji maskini mjini Chicago, wakianza na nyumba moja kuukuu na darasa la watoto wadogo; majengo yaliongezeka moja baada ya jingine kadiri haja zilivyojitokeza, hata yakafika 13.

Huku kwetu, mtaa wa Kaloleni, Nairobi, uliojengwa katika miaka ya 1940, uliwekewa ukumbi katikati yake, na wakazi wakaufanya bunge lao wakati ambapo Mwafrika wa kawaida hakuwa na bunge, wakija kumsikiliza Tom Mboya na wenzake. Dar es Salaam, katika ukumbi wa Arnautoglu, ulioitwa kwa jina la tajiri wa Kigiriki aliyeutolea fedha, ndimo Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA (Tanganyika African Association) mwaka 1953. Wakoloni walikuwa na makusudio yao katika kujenga kumbi hizo, na mojawapo lilikuwa kuwashughulisha watu kwa michezo na mafunzo ili wasijitie katika mambo ya utawala. Walakini watu waliingia humo na haja zao wenyewe, na haja hizo ndizo zilizozipa kumbi uhai. Kinyume chake, ukumbi wa Raha Leo uliojengwa Ng'ambo ya Unguja katika miaka hiyo hiyo, kwa tadbiri ya wakuu wa serikali, uliwakuta watu tayari wana baraza zao za nje ya nyumba, ambako habari husemwa, kahawa hunywewa na ndoa hushauriwa. Na jengo lile, pamoja na ukubwa wake wote, halikuweza kushika nafasi ya baraza hizo, ambazo zingali hai mpaka leo.

Karibu zaidi na zama zetu, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 kwa kandanda, nacho kikaweka kanuni njema kwamba timu ipate pointi za ligi kwa kuzoa taka za mtaa na si kwa mabao pekee. Kibera, mwaka 2004, Kennedy Odede alianzisha shirika la SHOFCO akiwa na mpira wa kuchezea na vijana wa kuucheza. Shule ya wasichana ya shirika hilo ilikuja mwaka 2009, yaani miaka mitano baada ya mpira.

KUULIZA KABLA YA KUJENGA

Mfano ulio jirani ni wa Kitale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Practical Action, likijulikana wakati ule kwa jina la ITDG, lilishirikiana na Manispaa ya Kitale katika kupanga mitaa ya Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa, na wakazi wakaketi pamoja na maofisa kuchora ramani za mitaa yao na kutaja mahitaji yao kwa mpangilio. Mkazi ajua ni mfereji gani hufurika na ni kichochoro gani msichana hakipiti baada ya magharibi. Ofisa aliyeletwa juzi hajui.

Basi watu wa Chwele wakitaka kuanza, wasiite mkutano siku ya soko, kwa maana watakaokosa ndio wanaohitaji ukumbi kuliko wengine. Wala wasiridhike na maoni ya wenye nyumba. Mpangaji aghalabu hukaa kimya mkutanoni kwa kuwa humwona mwenye nyumba wake ameketi mbele, na kwa hiyo aulizwe kando, chumbani kwake au penye biashara yake. Na kadhalika waulizwe wasukuma mikokoteni, wauza mitumba, vijana wa bodaboda, wazee wajane, na watu wenye ulemavu ambao mara nyingi hakuna awaitaye kabisa. Yale yatakayotajwa sana yaanzwe papo hapo katika mahali pa kuazima, iwe darasa la shule wakati wa likizo au ukumbi wa kanisa au kivuli cha mti: kulea watoto wachanga siku za soko, kufundisha kusoma, mazoezi ya ngoma na litungu, usuluhishi wa magomvi ya wapangaji. Jambo litakalodumu miezi sita pasipo paa, hilo lastahili paa.

ARDHI

Hapa twasihi watu wawe na hadhari kubwa. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 2004, ilidhihirisha jinsi ardhi ya umma katika Kenya nzima ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na viwanja vya manufaa ya watu wote vikamezwa kimya kimya. Kiwanja kisicho na hati ni chambo.

Ikiwa kiwanja ni cha umma, wananchi waombe kwa maandishi kuthibitishiwa kwamba kimetengwa kwa matumizi ya jamii, na nakala ya ramani yake ihifadhiwe na watu zaidi ya mmoja. Ikiwa ni zawadi ya mzee wa mtaa, furaha isiwafanye waridhike na neno la mdomo. Maana mzee hufa, na wanawe, ambao hawakuwapo siku ile, huja na pande za mawe kuzungushia ua. Mke wa mtoaji na watoto wake wakubwa washirikishwe tangu mwanzo. Na ardhi ikiwa ni ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mapatano, kisha igawanywe na kusajiliwa kwa jina la wadhamini wa jamii. Tofali la kwanza lisiwekwe kabla ya hati.

JENGO LENYEWE

Fundi stadi mmoja atawafaa kuliko kurasa nyingi za maelezo, nasi twataja machache tu. Ujenzi uombewe kibali cha kaunti, na usajiliwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Milango iwe miwili au zaidi, nayo ifunguke kwa nje, ili watu wakitaharuki wasikandamizane. Penye ngazi pawe na mteremko wa kiti cha magurudumu, na kwa kila sentimita 1 ya kimo uwe na urefu wa sentimita 12; yaani sakafu iliyoinuka sentimita 50 yahitaji mteremko wa mita 6, na hiyo nafasi itengwe katika ramani tangu awali.

Mvua ya Elgon isiachwe ipotee. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 15 kwa 10, likipata mvua ya milimita 20 alasiri moja, hukusanya karibu lita 3,000, ukiacha kidogo kinachomwagika. Tangi liwekwe, maji ya kwanza yenye vumbi yaachwe yapite, na yanayobaki yafae vyoo na usafi. Tena pasisahauliwe kinga ya radi, kwa sababu nchi zinazozunguka ziwa la Victoria zina ngurumo nyingi mno: mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 ndani ya shule ya msingi ya Runyanya, Uganda.

UFUNGUO NA SANDUKU

Kumbi nyingi hazifi kwa kubomoka. Hufa kwa ufunguo. Mtu mmoja hukabidhiwa ufunguo kwa kuwa anakaa karibu, au kwa kuwa ni jamaa ya mwenyekiti. Siku za kwanza hufungua kwa adabu, baadaye hutafutwa, kisha huombwa, hatimaye hulipwa. Wakati huo vijana wameacha kuja, na viti vimekwisha azimwa kwa harusi visirudi. Kwa hiyo twashauri funguo ziwe tatu, mikononi mwa watu watatu wasio wa nyumba moja, mmoja wao awe mwanamke na mmoja awe kijana. Na penye mlango pawe na daftari ambamo kila afunguaye huandika jina, saa, shughuli, na idadi ya viti alivyovikuta na alivyoviacha. Daftari hilo lisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi. Ni kazi ya dakika chache, nasi twaiona kuwa bora kuliko katiba ndefu isiyosomwa.

Jambo la pili ni gharama za kila siku, ambazo wafadhili hawapendi kuzilipa: stima, sabuni, kutapisha choo, ujira wa mlinzi, mabati yaliyong'olewa na upepo. Katika haya watu wa pwani wana hekima ya tangu zamani. Mtu aliyejenga msikiti Mombasa au Lamu aliweza kuutengea wakfu wa duka au shamba la minazi, ili pato lake lilipe mafuta ya taa na maji ya udhu, na mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, awe na dhamana ya kutoa hesabu. Ukumbi wa Chwele nao, ukiwa karibu na soko, wafaa kujengewa vibanda viwili au vitatu upande wa barabara, vikodishwe kwa bei ya haki kwa kinyozi, fundi cherehani au muuza chai, na kodi yake isitumike kwa lolote ila kuutunza ukumbi. Harusi na matanga vilipiwe ada inayojulikana, iliyoandikwa ukutani, sawa kwa mwenyekiti na kwa mpangaji. Malezi ya watoto siku ya soko yasilipiwe, au yalipiwe kidogo sana, maana hilo ndilo lililowaleta akina mama.

Siasa ni mtihani wa peke yake. Wakati wa uchaguzi, mgombea atakayeupaka ukumbi rangi zake atakuwa amewafukuza nusu ya wenyewe. Wagombea wote wakodishiwe kwa ada moja na masharti mamoja, au wote wazuiwe. Njia ya tatu haipo.

KWA KAUNTI NA KWA OFISI YA MAENDELEO YA JAMII

Wengi huenda kuomba msaada wa kaunti wakati ambapo bajeti imekwisha kufungwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka ufuatao huwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla fedha hazijaanza kutumika. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Ombi la wakazi lifike mapema, likiwa na maandishi na saini, na mwakilishi wa wadi ya Chwele/Kabuchai apewe nakala. Kisha watu wahudhurie vikao vya maoni ya umma, ambavyo Katiba ya mwaka 2010 imevifanya kuwa haki yao.

Kikundi chenyewe kisajiliwe kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, inayotaka wanachama wasiopungua 10. Waendao kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wachukue katiba ya kikundi, muhtasari wa mkutano ulioamua kuunda kikundi, na orodha ya wanachama yenye saini pamoja na nakala za vitambulisho vyao. Mwenye kutojua kuandika aweke alama ya kidole gumba mbele ya shahidi, naye ahesabiwe mwanachama kamili, mwenye kura na mwenye haki ya kushika mmoja katika zile funguo tatu.