Mchanga Mbele ya Gurudumu

Katika nchi zenye baridi kali, maji yaliyosimama njiani jioni huwa barafu kabla ya mapambazuko. Mwenye nyumba huamka mapema akamwaga mchanga mbele ya mlango wake na mahali gari linapopita, ili watoto waendao shule na mleta barua wasianguke wakavunjika mifupa. Watu wa Afrika Mashariki waliohamia Marekani, katika jimbo la Minnesota kwa mfano, wameijua kazi hiyo tangu majira yao ya kwanza ya baridi. Wengine humwaga chumvi, ambayo huyeyusha barafu. Lakini baridi ikizidi sana chumvi hushindwa, na mchanga huendelea kufaa, kwa kuwa hauyeyushi kitu. Punje zake hushika barafu kwa upande mmja na kiatu kwa upande wa pili, basi.

Nairobi haina barafu njiani. Hata hivyo Muthurwa, mtaa wa landi uliojengwa na Reli kwa ajili ya wafanyakazi wake wa Kiafrika, ulikuwa na wanaume wengi walioielewa kazi ya mchanga kuliko mtu wa Ulaya mwenye koleo mlangoni pake. Walikuwa madereva, wachochea moto na wasafishaji wa injini, na utelezi waliopigana nao ulikuwa juu ya reli.

Watu wengi hudhani kwamba injini yenye nguvu haiwezi kushindwa na mlima. Sivyo. Gurudumu la chuma hugusa reli ya chuma mahali padogo tu, pasipozidi ukubwa wa sarafu, na hapo ndipo mvuto wote wa garimoshi unaposhikia. Reli ikiwa kavu na safi, injini huweza kuvuta kwa nguvu ya kadiri ya robo ya uzito uliokaa juu ya magurudumu yake ya kuvuta. Reli ikipata unyevu pamoja na mafuta na kutu, robo hiyo huweza kushuka hata ikawa sehemu moja ya kumi. Ajabu ni kwamba mvua kubwa si adui mbaya sana, maana huosha reli. Umande wa alfajiri na manyunyu ya ukungu, kama yale ya Limuru katika mwezi wa Julai, ndiyo yenye hatari zaidi.

Mfano mzuri ni zile injini kubwa 34 za namba 59, zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock na kufika Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956. Zilipewa majina ya milima, na zilifanya kazi mpaka karibu mwaka 1980. Mojawapo, Mount Gelai, ingali yaonekana katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kila injini ilikuwa na uzito wa tani 252, na zaidi ya tani 160 za uzito huo zilikaa juu ya magurudumu 16 ya kuvuta.

Injini hiyo ilipewa mabehewa ya tani 1,200 kutoka Mombasa, kwenye bahari, mpaka Nairobi, palipo juu zaidi ya futi 5,400. Mahali penye mwinuko mkali njia hupanda futi 1 kwa kila futi 66. Kwa hiyo kila tani 66 za garimoshi huvuta nyuma kwa nguvu ya tani 1. Injini na mabehewa yake ni tani 1,452. Ukigawa kwa 66, utapata 22. Ongeza tani chache kwa ajili ya msuguano wa magurudumu na mikunjo ya njia. Sasa linganisha: reli kavu yaweza kuipa injini mshiko wa tani 40, na mlima unapandwa. Reli yenye utelezi humpa dereva tani 16 tu, na hapo hata mvuke ungekuwa mwingi namna gani, magurudumu yatazunguka bure na garimoshi litasimama, pengine usiku, mbali na stesheni, na garimoshi jingine likingojea njia hiyo hiyo moja.

Dawa ni mchanga. Injini huchukua masanduku ya mchanga, na kutoka kila sanduku bomba hushuka hadi karibu kabisa na reli, mbele ya gurudumu. Zamani mchanga ulidondoka kwa uzito wake tu, na upepo uliupeperusha kabla haujafika. Mwaka 1886 huko Derby, Uingereza, Francis Holt alibuni njia ya kuusukuma kwa hewa yenye nguvu. Baadaye mvuke ukatumiwa, na mchanga ukaanza kufika pale unapotakiwa.

Si kila mchanga ufaao. Wenye udongo hugeuka matope na kuongeza utelezi ule ule unaotaka kuuondoa. Wenye unyevu huganda katika bomba. Ndiyo sababu katika banda la injini palikuwa na tanuri la kukaushia mchanga, na watu wa kuuchekecha. Kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya chini, nayo haikustahili kudharauliwa: mtu aliyejaza sanduku kwa mchanga mbichi aliweza kulisimamisha garimoshi la tani elfu moja asilolipanda.

Kisha kuna wakati wa kuumwaga. Dereva stadi humwaga kidogo kabla ya mahali anapopajua kuwa pana utelezi. Magurudumu yakiisha kuanza kuzunguka bure, asimwage huku mvuke umefunguliwa, maana gurudumu linalozunguka kwa kasi likishika reli kwa ghafula laweza kupinda au kuvunja vyuma vinavyoliunganisha na wenziwe. Kwanza hupunguza mvuke, gurudumu litulie, ndipo mchanga. Wala asizidishe: mchanga mwingi husaga gurudumu na reli pamoja, na hufanya mabehewa yanayofuata yawe mazito kuvutwa.

Si maji peke yake yaletayo utelezi. Nzige wakitua juu ya reli na kupondwa, mafuta yao huwa kama sabuni. Husimuliwa kwamba Wamarekani wa Pennsylvania walibuni sanduku la mchanga mwaka 1836 kwa sababu ya wadudu wa jamii hiyo. Na mchanga hautumiwi kwa kupanda tu. Dereva anaposhika breki kwa nguvu akishuka mteremko, mchanga huo huo huyazuia magurudumu yasiteleze kama kiatu juu ya barafu.

Mvuke umekwisha, na mwaka 2017 njia mpya pana ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi. Injini za dizeli ni reli ile ile ya chuma na gurudumu lile lile la chuma, kwa hiyo nazo huchukua mchanga, na kabla ya safari masanduku hukaguliwa kama mafuta na breki zinavyokaguliwa.