Ngao Nyeusi ya Kuvu: Kwa Nini Maumivu ya Kichwa Yasiyokoma Hayafai Kusubiriwa

Mkate uliosahauliwa kabatini huota ukungu, na ukungu huo aghalabu huwa na rangi: kijani, kijivu au nyeusi. Wengi wetu huitazama rangi hiyo kama uchafu tu. Hata hivyo, kwa baadhi ya kuvu, au fangasi kama tulivyozoea kuziita, rangi ni ngao ya kujikinga dhidi ya kinga ya mwili na dawa za hospitali. Somo la toleo hili linaeleza jinsi ngao hiyo inavyofanya kazi, na namna elimu hii inavyoweza kuokoa maisha ya mkazi anayeishi na Virusi vya UKIMWI (VVU).

Kuvu tunayoizungumzia

Kuvu hiyo huitwa kriptokokasi. Huishi udongoni, kwenye miti na katika kinyesi cha njiwa kilichokauka. Mtu huivuta pamoja na vumbi. Haiambukizwi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Mwenye kinga imara huidhibiti bila hata kujua. Kinga inaposhuka, kuvu hutoka mapafuni, hupita katika damu na kufika kwenye ubongo na utando wake, ikasababisha homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele, na kriptokokasi ni mojawapo ya nne zilizowekwa katika kundi la juu kabisa.

Rangi inatoka wapi

Kriptokokasi ina kimeng'enya kiitwacho lakasi, ambacho hugeuza kemikali fulani kuwa melanini, yaani rangi ya jamii moja na ile inayotia weusi nywele na ngozi zetu. Hata hivyo, kuvu hii haina uwezo wa kujitengenezea malighafi ya rangi hiyo. Sharti iipate mahali ilipo. Ubongo wa binadamu una dopamini, kemikali ambayo lakasi huigeuza kuwa melanini. Wanasayansi huitaja hali hiyo kuwa mojawapo ya sababu zinazoifanya kuvu hii istawi ubongoni.

Tabia hiyo imewafaa pia wataalamu wa maabara. Mwaka 1962 mtafiti Mjerumani Friedrich Staib alionesha kwamba kriptokokasi ikioteshwa kwenye chakula cha maabara kilichotengenezwa kwa mbegu fulani za mafuta zinazolimwa Ethiopia, hugeuka rangi ya kahawia. Kwa njia hiyo hutofautishwa na kuvu nyingine zinazobaki nyeupe.

Ngao inavyofanya kazi

Melanini hujipanga ndani ya ukuta wa seli ya kuvu na kutenda kazi mbili. Kwanza, chembe nyeupe za damu zinapoimeza kuvu, huimwagia kemikali kali ili kuiangamiza. Melanini huzipokea na kuzipunguza makali. Pili, dawa iitwayo amfoterisini B huua kuvu kwa kutoboa utando wake, lakini sehemu ya dawa hiyo hunaswa na melanini kabla ya kuufikia utando. Katika majaribio ya maabara, kuvu zilizopotewa na uwezo wa kutengeneza melanini zilisababisha ugonjwa hafifu zaidi kwa panya.

Tiba ya sasa haitegemei silaha moja. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B iliyofungashwa katika vitone vidogo vya mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazo kwa siku 14. Kila dawa huishambulia kuvu kwa njia yake.

Kuiwahi kabla haijafika ubongoni

Dalili za kriptokokasi huweza kuonekana kwenye kipimo cha damu wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaumwa kichwa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa mwaka 2015, uliwahusisha watu wenye VVU ambao kinga yao (CD4) ilikuwa chini ya 200. Waliopimwa kriptokokasi na kutembelewa nyumbani katika wiki za mwanzo za dawa walipata vifo pungufu kwa asilimia 28 kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mambo ya kuzingatia

- Pima VVU. Upimaji na dawa za ARV hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Aliyeacha dawa arudi kliniki, atapokelewa.
- Unapoanza ARV, au unaporudi baada ya kuziacha, muulize mhudumu kuhusu kipimo cha CD4 na cha kriptokokasi.
- Maumivu ya kichwa yanayodumu kwa siku kadhaa, homa, kutapika, shingo kukaza, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa ni dalili za kwenda kituoni siku hiyohiyo. Usiendelee kumeza dawa za maumivu au za malaria bila kupimwa.
- Usiogope kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Wapo wanaoamini kwamba kipimo hicho huua. Ukweli ni kwamba wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa. Kutoa maji hayo huonesha ugonjwa, na hupunguza mgandamizo kichwani unaohatarisha maisha.
- Wafugaji wa njiwa walowanishe kinyesi kwa maji kabla ya kufagia, na wafunike pua na mdomo. Mwenye kinga ndogo amwachie mwingine kazi hiyo.

Ndugu mkazi, kuvu iliyokwisha kuvaa ngao yake ndani ya ubongo huhitaji hospitali, dawa za gharama na bahati. Ile iliyogunduliwa mapema katika tone la damu huweza kuzuiwa kwa vidonge. Tofauti ya hali hizo mbili mara nyingi ni siku ambayo mgonjwa aliamua kwenda kupimwa.