SOMO LETU: MTENDE WA MEDJOOL NA MIKONO INAYOUTUNZA



Medjool ni tende nene, laini, yenye bei kubwa sokoni. Asili yake ni Moroko. Huko mitende ilishambuliwa na bayudi, ugonjwa wa kuvu wa udongoni ulioua mamilioni ya miti. Mwaka 1927 mtaalamu wa Marekani, Walter Swingle, alichukua machipukizi 11 kutoka Boudenib. Yalitengwa kwanza Nevada ili yachunguzwe. Yalipona 9, nayo ndiyo chanzo cha mashamba makubwa ya California na Arizona.

Upandaji. Usipande kokwa. Mche wake haufanani na mama, na karibu nusu ya miche huwa ya kiume isiyozaa. Hupandwa chipukizi linaloota shinani mwa mti mama, kwa nafasi ya mita 9 hivi. Mtende hutaka jua kali na hewa kavu, lakini mizizi ipate maji ya kutosha. Mvua ikinyesha tende zinapoiva, huziharibu.

Kazi ya mwaka. Mfanyakazi huukwea mti mmoja mara nyingi:

1. Kukata miiba ya makuti.
2. Kutia unga wa maua ya kiume katika maua ya kike.
3. Kupunguza tende changa.
4. Kuyafunga mashada yasivunjike.
5. Kuyavika mifuko.
6. Kuvuna kwa awamu, maana tende haziivi zote pamoja.

Hatua ya tatu ndiyo siri ya Medjool. Tende zikiachwa zote, zinasongamana na kubaki ndogo. Zikipunguzwa, zilizobaki hunenepa. Basi unene unaoleta bei hautoki kwenye mti peke yake. Unatoka pia kwenye vidole vya mtu aliye juu, pengine mita 15 kutoka ardhini, katikati ya miiba.

Tunajifunza nini? Mwajiri husema hiyo ni kazi ya kibarua asiye na ujuzi. Sivyo. Hata mchuma chai anayechagua majani mawili na ncha yake ndiye anayeamua ubora wa chai. Kabla ya kujadili mkataba, andikeni kila hatua ya kazi yenu na hatari yake. Ngazi imara, mshipi wa kujifungia na glavu si zawadi. Ni vyombo vya kazi.

Maswali ya kujadili tawini:

Katika kazi yako, ni hatua gani inayoongeza bei ya mali? Je, imetajwa katika mkataba?