Ngozi, Ukanda na Soli: Siri ya Buti Lidumulo

Mwezi wa Desemba 1786 meli ya Kidenmarki iitwayo Metta Catharina ilizama katika ghuba ya Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ilikuwa safarini kutoka St Petersburg, Urusi, kuelekea Genoa, Italia, na miongoni mwa shehena yake yalikuwamo marobota ya ngozi. Mwaka 1973 wapiga mbizi waliyakuta mabaki yake yamezikwa katika tope la bahari. Ngozi zile zilipooshwa, zikakaushwa polepole na kutiwa mafuta, nyingi kati yake zilionekana kuwa bado imara. Mafundi wa Uingereza wakazishona viatu, na wakusanyaji wa viatu bora wakavinunua kwa bei kubwa. Watu walitembea juu ya barabara za karne ya 20 wakiwa wamevaa ngozi iliyotengenezwa kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa.

Habari hii si ya ajabu tu. Ni swali la sayansi. Ngozi mbichi ya ng'ombe iliyoachwa uani katika mji wa joto kama Dar es Salaam au Mombasa huanza kunuka baada ya siku moja au mbili. Ngozi ya Plymouth ilikaa majini karibu miaka 190. Ni kitu gani kilichozitenga ngozi hizi mbili? Na kwa nini buti moja hurithiwa na mwana kutoka kwa baba, ilhali jingine lililonunuliwa kwa fedha nyingi humvunjikia mtu njiani?

Ngozi ni nini

Sehemu kubwa ya ngozi, ukiondoa maji, ni protini iitwayo kolajeni. Kila molekuli ya kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotana mithili ya kamba. Molekuli hizo hujipanga zikawa nyuzi nyembamba, na nyuzi nyembamba hufungamana zikawa nyuzi nene. Tabaka la juu kabisa, penye vinyweleo, lina nyuzi laini zilizobanana. Hilo ndilo lizuialo maji na mikwaruzo. Chini yake liko tabaka nene ambamo nyuzi kubwa zimefumana kila upande kama ukili wa mkeka uliosukwa bila mpango, na humo ndimo ulimo uimara wa ngozi.

Mnunuzi wa buti hana budi kuufahamu mpangilio huo, kwa sababu ngozi nene hupasuliwa kwa mashine ikawa vipande viwili, cha juu na cha chini. Kipande cha juu chenye uso wake wa asili ndicho bora. Cha chini hakina uso. Aghalabu hupakwa plastiki, kisha hugandamizwa alama za vinyweleo vya bandia, na dukani hung'aa kuliko hata ngozi halisi. Kuna pia ngozi ya kati na kati, ambayo uso wake umesuguliwa kwa msasa ili kuondoa makovu ya kupe, miiba na chapa za moto. Makovu hayo, ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki wanayajua sana, hushusha bei ya ngozi ya mnyama aliyekuwa mzima kabisa.

Kidole kinatosha kuzitofautisha. Buti likunjwe pale penye vidole vya mguu: ngozi yenye uso wa asili hufanya mikunjo mingi midogo, na hunyooka tena, ile iliyopakwa plastiki hufanya mikunjo michache yenye kina, na baada ya miezi kadhaa hupasuka hapo hapo.

Kuizuia ngozi isioze

Kusindika ngozi ni kuunganisha nyuzi za kolajeni kwa namna ambayo bakteria hawawezi tena kuzimeng'enya, wala maji hayawezi kuzigeuza gundi. Kwanza ngozi hulowekwa katika chokaa ili manyoya yatoke. Kisha huja kazi yenyewe, na njia kuu ni mbili.

Ya kwanza ni ya kale: ngozi hulowekwa katika maji ya magome ya miti yenye tanini. Tanini ndiyo ile inayokausha ulimi mtu anapokunywa chai kali ya rangi. Molekuli zake hujishikiza kwenye kolajeni na kuchukua mahali palipokuwa na maji. Ulaya walitumia magome ya mialoni na mierebi. Pwani ya Afrika Mashariki magome ya mikoko ya Rufiji na Lamu yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo, na huko Njombe kampuni ya miwati, mti uliotoka Australia, ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya tanini ya magome yake. Kazi hii huchukua majuma, na kwa ngozi nene za soli hata miezi mingi. Ngozi ya Plymouth ilisindikwa kwa njia hii.

Njia ya pili hutumia chumvi za kromiamu. Augustus Schultz wa New York alipata hataza yake mwaka 1884, na tangu hapo kazi ya miezi ikawa ya siku moja au chache. Leo ngozi nyingi duniani husindikwa hivyo. Huwa laini, nyepesi, na hustahimili joto zaidi. Ile ya tanini huwa nzito na ngumu zaidi, na hufuata umbo la mguu wa mwenyewe kadiri anavyoivaa. Viko viwanda ambavyo hutumia njia zote mbili kwa ngozi moja. Kimojawapo ni cha Horween, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905. Kiwanda hicho ni maarufu pia kwa ngozi ya matako ya farasi, ambayo kuisindika huchukua miezi sita au zaidi na ambayo wakusanyaji huithamini kupita nyingine zote.

Tofauti ya njia hizi mbili inaweza kuonyeshwa darasani. Mwalimu aombe kwa fundi viatu mabaki ya ngozi ya soli na ya sehemu ya juu ya kiatu. Vikatwe vipande vya sentimita 1 kwa 5, vilowekwe katika maji baridi hadi vilowe barabara, kisha maji yapashwe moto polepole huku kipimajoto kikiwa ndani. Kipande cha ngozi ya tanini kitajikunja na kusinyaa ghafla kati ya nyuzijoto 70 na 85 za Selsiasi. Cha kromiamu iliyosindikwa vizuri kitabaki kama kilivyo hata maji yakichemka. Kipande cha ngozi mbichi, kikipatikana, kitasinyaa kwenye nyuzijoto 60 au zaidi kidogo. Wanafunzi wachore grafu ya urefu dhidi ya halijoto. Jaribio la kuchoma ngozi kwa kiberiti, ambalo baadhi ya wauzaji hulifanya, lisiigwe darasani, kwa kuwa moto huweza kugeuza kromiamu ya ngozi kuwa ile ya aina iliyo sumu.

Jaribio hilo laeleza pia kosa litokealo majumbani kila msimu wa mvua. Buti lililolowa likiwekwa kando ya jiko la mkaa, ngozi yake hupata joto ikiwa bado imejaa maji, yaani katika hali ile ile ya sufuria ya darasani. Husinyaa, na haitanuki tena. Buti lililolowa hukaushwa kivulini penye upepo, likiwa limejazwa magazeti makavu yanayobadilishwa mara kwa mara. Jasho nalo ni maji yenye chumvi. Ndiyo maana wenye mabuti mawili hulipumzisha moja siku nzima. Mafuta ya ngozi yapakwe kidogo tu: kazi yake ni kuziwezesha nyuzi kuteleza zinapokunjwa, na yakizidi hulegeza ngozi na kuivutia vumbi.

Ukanda

Ngozi njema peke yake haitoshi. Soli huisha kabla ya sehemu ya juu, na hapo ndipo maisha ya buti huamuliwa.

Hadi karne ya 19 kazi yote ilifanywa kwa msharasi, uzi wa kitani na nta. Kuivuta ngozi juu ya kalibu na kuikaza ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, na mafundi waliamini kwamba mashine haitaweza kamwe. Aliyeiweza ni Jan Ernst Matzeliger, mzaliwa wa Suriname mwenye asili ya Kiafrika, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani katika mji wa Lynn, Massachusetts. Alipata hataza tarehe 20 Machi 1883. Fundi hodari alikaza jozi 50 hivi kwa siku. Mashine yake ilizidisha idadi hiyo mara kadhaa. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1889, hajatimiza miaka 37.

Miaka michache kabla yake Charles Goodyear mdogo, mwana wa yule aliyegundua njia ya kuimarisha mpira kwa salfa, alikuwa amestawisha mashine ya kushona ukanda. Ukanda huu wa ngozi huzunguka ukingo wa buti. Mshono wa kwanza, usioonekana, huushikiza kwenye sehemu ya juu na soli ya ndani. Mshono wa pili huishikiza soli ya nje kwenye ukanda. Soli ikiisha, fundi hukata mshono wa pili tu, akashona soli mpya, na sehemu ya juu haiguswi hata kidogo. Kwa sababu hiyo mabuti ya kazi ya Northampton nchini Uingereza, au ya mji wa Red Wing, Minnesota, ambako kampuni yenye jina hilo ilianza mwaka 1905, bado hutafutwa na wakusanyaji wa Marekani, Ulaya na Japani, hata yakiwa na umri mkubwa kuliko wavaaji wake.

Jicho la mkusanyaji

Hata hivyo si kila kikuukuu ni dhahabu. Ngozi ya tanini iliyokaa miaka mingi katika hewa yenye gesi za salfa hugeuka ikatoa unga mwekundu. Michael Faraday alikuwa miongoni mwa wale waliohusisha uharibifu huo na taa za gesi za London katika karne ya 19. Ngozi iliyofikia hali hiyo hairejei, na mafuta huizidishia weusi tu.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi na mnunuzi wa mitumba imo katika mabuti ya miaka ya karibuni, hasa ya kupandia milima, yenye soli nyepesi za poliyurethani. Katika aina nyingi za plastiki hiyo, maji yaliyomo hewani huvunja viungo vya minyororo yake, badiliko liitwalo haidrolisisi, na joto huliharakisha. Hutokea hata kama buti halijavaliwa na limo ndani ya boksi lake. Kwa nje huonekana jipya. Mvaaji akitembea, soli humeguka kama mkate mkavu. Hewa ya pwani, yenye joto na unyevu, ndiyo iliyo mbaya zaidi kwa soli hizo.

Kwa hiyo mnunuzi abonyeze soli kwa ukucha ubavuni, palipo karibu na kisigino, kisha alikunje buti mara tatu au nne kwa nguvu. Nyufa nyembamba, kunata au unga ni dalili kwamba haidrolisisi imekwisha kuanza, na gundi haitasaidia kwa sababu itashika kitu kinachomeguka chenyewe. Halafu atazame ukingo. Kama pana ukanda ulioshonwa, na uzi wake unaingia kweli ndani ya soli badala ya kuwa alama zilizochongwa katika plastiki, fundi anaweza kuiondoa soli yote na kushona ya mpira, na buti likaendelea. Kama soli imebandikwa tu, bei ya mtumba huo ihesabiwe pamoja na kazi ya fundi ya kuujenga upya upande wote wa chini, ambayo mara nyingi huipita bei ya buti lenyewe.