Protini za Damu na Safari ya Sepsisi Mwilini

Sepsisi hutokea pale mwili, katika kupambana na maambukizi, unapopoteza udhibiti wa kinga yake na kuanza kudhuru viungo vyake wenyewe. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2017 yalionesha wagonjwa wapatao milioni 48.9 na vifo milioni 11, vingi vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Matibabu ya mapema huokoa maisha, lakini dalili za awali, kama homa na kupumua kwa kasi, hufanana na za maradhi mengine, malaria ikiwemo.

Ili kufuatilia hatua za ugonjwa, watafiti huchukua damu ya mgonjwa kwa nyakati tofauti, hutenga plazima, kisha hukata protini zake kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini. Vipande hivyo hupimwa kwa spektrometa ya masi, ambayo husaidia kutambua kila kipande kimetoka katika protini ipi na kwa wingi gani. Kwa kuwa albumini pekee ni takriban nusu ya protini za plazima, mara nyingi hupunguzwa kwanza ili zile adimu zionekane.

Vipimo vya protini hudhihirisha mpangilio wa matukio. Interlukini-6 huongezeka mapema na kulichochea ini kuzalisha protini ya CRP, ambayo hufikia kilele baada ya takriban siku mbili. Aidha, antithrombini na protini C, ambazo huzuia damu isigande ovyo, hupungua. Damu huganda ndani ya mishipa midogo, na viungo kama figo hukosa oksijeni.

Je, kuirejesha protini iliyopungua ni tiba? Dawa ya protini C iliyoamilishwa iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001, lakini iliondolewa sokoni mwaka 2011 baada ya jaribio jipya kuonesha kuwa haikupunguza vifo. Badiliko la protini moja laweza kuwa alama ya ugonjwa bila kuwa chanzo chake.

Kwa sababu hiyo, uchambuzi wa sasa hutazama mamia ya protini kwa pamoja, ili kutofautisha mgonjwa ambaye kinga yake imepita kiasi na yule ambaye kinga yake imedhoofika. Wawili hao waweza kuwa na homa ileile, ilhali wanahitaji matibabu tofauti.