NZI WA NDIZI MBIVU NA SUMU YA KIPINDUPINDU

Katika Suratul-Hajj, aya ya 73, Allah (S.W.) amepiga mfano wa nzi: hao wanaoabudiwa badala Yake hawawezi kumuumba, wajapokusanyika wote. Somo letu linamhusu nzi mmoja mdogo mno, na ugonjwa ambao sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, tunaochota maji ziwani, tuna haki ya kuuogopa. Nao ni kipindupindu. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Bara na hadi Zanzibar.

Nzi tunayemkusudia ana macho mekundu na urefu wa milimita 3 hivi. Huzunguka ndizi zilizoiva sana na mtungi wa togwa. Si yule anayetoboa maembe na kuyatia funza, ijapokuwa wakulima nao humwita nzi wa matunda; wala si visubi wanaoinuka ziwani kama moshi. Wataalamu humwita Drosofila. Maabara za Ulaya na Marekani zimejaa nzi huyu, lakini asili yake ni Afrika: utafiti wa mwaka 2018 ulieleza kuwa huko Zimbabwe huishi porini kwenye matunda ya mng'ongo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Bakteria wa kipindupindu haingii ndani ya seli za utumbo. Hukaa nje, akapeleka protini. Jambo hili lilidhihirishwa na daktari wa Kolkata, S. N. De, mwaka 1959: alichuja maji yaliyooteshwa bakteria hao, akayatia katika utumbo wa sungura bila ya bakteria hata mmoja, na utumbo ukajaa maji vilevile. Basi kinachoua ni sumu.

Sumu hiyo ina vipande sita. Vitano hushika ukuta wa seli, na cha sita huingia ndani. Humo kuna swichi ambayo kwa kawaida huwaka na kuzimika. Protini ya bakteria huikwamisha ikabaki inawaka. Milango ya chumvi inafunguka, chumvi inatoka kwenda ndani ya utumbo, na maji yanaifuata. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa.

Nzi anaingiaje hapa? Bakteria mzima ana protini nyingi, na ni vigumu kujua ipi imefanya nini. Lakini tangu mwaka 1993, kwa njia iliyobuniwa na Andrea Brand na Norbert Perrimon, mtaalamu anaweza kumpandikiza nzi jeni ya protini moja tu, na kuchagua ifanye kazi wapi: kwenye bawa au kwenye utumbo. Bawa ni zuri kwa kuanzia, kwa sababu nzi mwenye bawa bovu haifi, na kasoro yake inaonekana.

Annabel Guichard, Ethan Bier na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walifanya hivyo kwa sumu ya kipindupindu. Mwaka 2013 walitangaza kuwa wamegundua dhara la pili. Seli za utumbo zimeunganishwa kama kitambaa kilichoshonwa, na uzi wa mshono husafirishwa ndani ya seli kwa msaada wa protini iitwayo Rab11. Sumu huzuia usafiri huo, mshono ukalegea. Nzi walipoongezewa Rab11, madhara yalipungua. Usafiri kukwama waliuona pia katika seli za utumbo wa binadamu na katika utumbo wa panya.

Kuna mlango mmoja ambao sumu haiuzuii: ule unaopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, navyo huvuta maji kurudi mwilini. Ndiyo maana pakiti ya ORS ya zahanati huokoa, na maji matupu hayatoshi.

Anayetaka kumjua nzi huyu atie kipande cha ndizi mbivu katika chupa, aiache wazi siku mbili mpaka nzi waingie, kisha aifunge kwa kitambaa chepesi. Mbamba Bay kwenye joto, nzi wapya watatoka baada ya siku 10 hivi. Wenzetu wa Mbinga mjini, kwa baridi ya milimani, itawabidi wasubiri zaidi.